Ubongo Uliotulia Haujalala

Mhadhara kwa wahudumu wa afya, wazee na wananchi, Lodwar

  

Nikija hapa nimempita mzee mmoja ameketi juu ya ekicholong, kigoda chake, chini ya mgunga, karibu na mto Turkwel. Macho yalikuwa wazi, lakini hakuna alichokuwa akikitazama. Kijana niliyeongozana naye akasema, "Huyo kazi yake ni kukaa tu." Sikumjibu pale njiani, namjibu sasa mbele yenu: mzee yule alikuwa kazini. Nimekuja kuzungumzia kazi hiyo, na ugonjwa unaoivuruga miaka mingi kabla jirani hajatambua.

Wataalamu nao kwa muda mrefu walifikiri kama kijana yule. Walidhani ubongo usiopewa kazi hunyamaza, kama jenereta iliyozimwa. Mtu wa kwanza kutia shaka alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, wa mji wa Jena. Mwaka 1929 alichapisha michoro ya umeme wa ubongo aliyoinasa kwenye vichwa vya watu walio hai. Aliona kwamba mtu akifumba macho na kutulia, umeme haukomi. Hupiga mawimbi yaliyopangika, kama kumi hivi kwa kila sekunde. Baadaye zikaja hesabu za chakula cha ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ukimpa mwenye ubongo huo swali gumu alifumbue, matumizi huongezeka kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Fikirini boma ambalo usiku wa manane linachoma kuni karibu sawa na wakati wa kupika. Lazima kuna chungu motoni ambacho hamjakiona.

Chungu hicho kilionekana kwa msaada wa mashine ya MRI, lile bomba lenye sumaku kubwa ambalo baadhi yenu mmeingizwa ndani yake huko Eldoret au Nairobi. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba sumaku hiyo inaweza kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyoishiwa. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu mpya huikimbilia, na mashine huona. Mwaka 1995 Bharat Biswal, akiwa bado mwanafunzi mjini Milwaukee, aliwalaza watu ndani ya bomba akawaambia wasifanye lolote. Sehemu ya kushoto inayoongoza mkono na mwenzake wa kulia zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja, polepole, wimbi moja likichukua sekunde 10 na zaidi, hali mikono yenyewe imetulia tuli.

Ukisimama juu ya kilima jioni ukaona maboma mawili yaliyo mbali, na kila moshi wa hili unapopanda wa lile nao unapanda, siku baada ya siku, utasema watu hawa wana habari za wenzao. Njia inayowaunganisha hujaiona. Umeona moshi tu. Nawaomba mlishike hilo, maana magazeti hupenda kuandika kwamba wanasayansi wamepiga picha nyaya za fikra. Hawajapiga picha waya wowote. Wameona moshi unaopanda pamoja, wakauita muunganiko.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walieleza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Kuna sehemu za ubongo ambazo mtu akipewa kazi ya nje hupunguza moto, na akiachwa atulie huwaka. Ziko nyuma katikati, mahali paitwapo singuleti ya nyuma na prekuniasi. Ziko mbele, nyuma ya paji la uso. Ziko pembeni, juu ya masikio kwa nyuma. Zinashirikiana na hipokampasi, iliyojificha chini ndani, ambayo ndiyo mlango wa kumbukumbu mpya. Leo hii nitaziita kwa pamoja mtandao wa utulivu.

Mtandao huu unafanya nini? Unakumbuka jana na kutunga kesho. Unafikiri juu ya nafsi na juu ya watu wengine. Kwa mfugaji hayo ndiyo maisha yenyewe: mwaka ule mvua iligoma tulihamia wapi, kisima gani kilibaki na maji, nani alinipa mbuzi ambao bado sijamlipa, na wingu lile la jana likimwaga upande wa milimani, kesho kutwa majani yatachipua wapi. Mzee wa chini ya mgunga anapitia njia hizo zote bila kuinuka. Akimaliza atamwambia mwanawe, "Pelekeni mifugo kule," na mwana ataona kama shauri limetoka hewani.

Sasa niuseme ugonjwa.

Mwaka 1901, katika hospitali moja mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alikuwa akisahau jina lake mwenyewe akiwa katikati ya kuliandika. Alifariki mwaka 1906, na daktari alipouchunguza ubongo wake kwa darubini aliona mabonge ya uchafu nje ya seli za neva, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli hizo. Leo tunajua mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Kwa karibu miaka 100 ugonjwa huo, unaoitwa Alzheimer kwa jina lake, ukasomwa hivyo: ugonjwa wa seli zinazokufa. Hilo ni kweli, lakini halielezi kwa nini mtu huanza kupotea wakati seli zake nyingi bado ni nzima.

Mwaka 2004 Michael Greicius na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha wazee wenye Alzheimer ya awali na wazee wazima wa umri wao. Kwa wagonjwa, mtandao wa utulivu ulikuwa umelegea, hasa pale singuleti ya nyuma inapopaswa kwenda sambamba na hipokampasi. Mwaka uliofuata Randy Buckner na wenzake wakaweka picha mbili moja juu ya nyingine, picha ya mtandao wa utulivu kwa vijana wazima, na picha ya mahali ambapo amiloidi hujikusanya kwa wagonjwa. Zikafanana kwa namna ya kutisha. Ugonjwa ulikuwa umechagua kukaa kwenye njia panda zenye msongamano mkubwa zaidi, zile sehemu ambazo habari nyingi za ubongo hupitia.

Ninyi hapa hamhitaji mfano wa mbali. Barabara ya Kitale inapita Kainuk, inapita Lokichar, inaingia Lodwar, kisha inaendelea Kakuma hadi Lokichoggio. Soko la Lodwar likifungwa wiki moja, unga unaadimika Kakuma, ingawa Kakuma hakuna duka lililobomoka. Daktari akienda Kakuma kutafuta kilichoharibika hatakiona. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa mwanzo. Sehemu inayotunza sura ya mjukuu ni nzima, na inayotunza majina ni nzima, ila habari hazifiki. Ndiyo sababu leo hakumbuki na kesho anakumbuka. Ni kama laga, ule mto wa msimu, imefurika, kisha imepungua kidogo, lori moja likapita. Jamaa wakiona hivyo husema anajifanya. Hajifanyi.

Katika hatua za mapema sana baadhi ya miunganiko, hasa ya mbele, huonekana ikipata nguvu kupita kawaida kabla ya kuanguka. Wengine wanaona ubongo unajaribu kujiokoa kwa njia za mkato. Wengine wanaona msongamano huo wenyewe ni sehemu ya maradhi. Mjadala huo haujafungwa. Na kuna aina nyingine ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa akili, inayoshambulia sehemu za mbele na za pembeni, ambayo hufuata njia tofauti. Hulegeza mtandao mwingine, ule unaotuambia jambo gani lina uzito na kwamba mwenzako ameudhika, huku ule wa utulivu ukibaki imara au hata kuongezeka. Mwaka 2009 William Seeley na wenzake wa San Francisco walionyesha kwamba kila ugonjwa wa namna hii una mtandao wake unaoulenga. Basi mkimwona mtu wa makamo aliyekuwa na heshima ameanza kutukana hadharani na kula kwa pupa, ilhali kumbukumbu zake ni timamu, msiseme amerogwa. Huenda ni njia nyingine iliyokatika.

Nisiwadanganye kuhusu picha hizi. Mtu akitikisa kichwa milimita chache ndani ya bomba, muunganiko wa uongo hujitokeza. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba hitilafu hiyo ilikuwa imechafua tafiti nyingi, na wagonjwa na wazee ndio wanaotikisika zaidi. Uzee wenyewe hulegeza mtandao huu. Huzuni kubwa huubadilisha, na kukosa usingizi pia. Kwa hiyo tofauti inaonekana ukilinganisha kundi na kundi; kwa mtu mmoja mmoja, hakuna daktari anayepaswa kutoa hukumu ya Alzheimer kwa picha ya mtandao peke yake. Anayewauzia kipimo hicho kwa bei ya ng'ombe watatu anawaibia.

Tena walioingia katika mabomba hayo wengi wao ni watu wa Marekani, Ulaya na Asia Mashariki, wengi wamesoma shule miaka 10 na zaidi. Je, matokeo yao ni yetu pia? Tafiti chache za Afrika zinatutaka tuwe waangalifu. Kule Ibadan, Nigeria, Wayoruba wa miaka 65 na zaidi walifuatiliwa sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba Alzheimer mpya iliwapata Wayoruba kwa kiwango cha asilimia 1.15 kwa mwaka, na wenzao wa Indianapolis asilimia 2.52. Jirani zetu wa wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, walihesabiwa mwaka 2010: wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walipimwa nyumbani kwao, na kiwango cha dimenshia, baada ya kusawazisha umri, kilikuwa asilimia 6.4. Kwa hiyo ugonjwa upo, tena si haba. Yule anayesema dimenshia ni maradhi ya wazungu hajafika Hai.

Hapa ndipo napata uchungu, na naomba mniruhusu niuseme. Dunia imekuja Turkana kupima vichwa. Mwaka 1984, kule Nariokotome, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu, na kikapatikana kiunzi cha mifupa karibu kizima cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Ubongo wake ulipimwa kwa makini, kama sentimita za ujazo 880. Miaka ya karibuni watafiti wakishirikiana na Taasisi ya Bonde la Turkana wamepima damu, sukari na jeni za watu wenu walio hai. Mwaka 2020 walionyesha jambo la maana sana: wafugaji wanaoishi kwa maziwa, damu na nyama wana afya njema ya moyo na mishipa, lakini waliohamia mijini afya hiyo inaharibika. Mishipa ikiharibika, ubongo unafuata. Kumbe sayansi inafika huku. Gari linafika, friji la sampuli linafika. Kwa nini basi kumbukumbu ya mzee aliye hai isipimwe kwa bidii ile ile iliyopimia fuvu la aliyekufa?

Najua jibu litakuwa sumaku ni ghali. Lakini hatuhitaji kuanza na sumaku. Kifaa cha Berger cha kunasa umeme leo kinaingia kwenye mkoba, na kwa mgonjwa wa Alzheimer yale mawimbi kumi ya sekunde moja hupungua kasi na kudhoofu. Kule Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake wameunda kwa mikono yao MRI ya sumaku ndogo kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Haiwezi kuona mitandao, ila imethibitisha kwamba fundi wa Afrika Mashariki anaweza kuijenga mashine hiyo. Na kabla ya vyote hivyo kuna kipimo kisichohitaji hata umeme.

Kipimo hicho kilitengenezwa huko Hai na huitwa IDEA. Unamsomea mzee maneno kumi, baadaye unamwuliza anayoyakumbuka. Unamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Unapanga njiti za kiberiti, naye anaupanga mchoro ule ule. Unamwuliza, "Daraja ni nini?" Hahitaji kusoma wala kuandika, na hilo ni jambo jema kwa mzee ambaye hakuwahi kwenda shule.

Lakini wauguzi, msikikopi tu. Mwulize mchungaji wa Kibish daraja ni nini, atakutazama akushangae: laga ikifurika mtu husubiri ipungue. Mwombe ataje wanyama. Ataanza kukutajia ng'ombe wake kwa rangi, kwa mabaka, kwa mkunjo wa pembe, kila mmoja neno lake, na wewe kwenye fomu utaandika "ng'ombe", alama moja. Umempima nini hapo? Mwenye upungufu ni fomu. Kipimo cha Turkana kitungwe na watu wa Turkana wakiketi na wazee, na hiyo ndiyo kazi ninayoiona inawezekana kuanza mwaka huu bila kungoja mfadhili.

Kule Kakuma kazi hiyo ni ngumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya watoto wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi hapa. Basi hesabuni. Aliyefika na miaka 40 mwaka ule sasa amepita 70. Kambi imezeeka, lakini huduma zake bado zimejengwa kwa ajili ya mtoto, mama mjamzito na kipindupindu. Mzee wa huko ukimwuliza tarehe ya kuzaliwa atakutajia Januari 1, kwa sababu ndivyo karani alivyoandika katika usajili, yeye na jirani zake wengi. Swali hilo linapima kumbukumbu ya karani.

Kisha kuna lugha. Mtu aliyejifunza lugha kadhaa maishani, dimenshia ikizidi, mara nyingi lugha za baadaye ndizo zinazotangulia kumtoka, akabaki na ile ya utotoni. Mama aliyekuwa akizungumza Kiswahili cha sokoni na majirani Wakongo, Wasomali na Waturkana atarudi kwenye Kididinga chake, au Kinuer chake, na wajukuu waliozaliwa Kakuma hawatamwelewa. Mtandao wa utulivu nao, ambao kazi yake ni kumpeleka mtu jana na kumrudisha leo, humpeleka usimrudishe. Mzee huamka usiku akatafuta fimbo, anataka kwenda kufungulia ng'ombe walioachwa ng'ambo ya mpaka zaidi ya miaka 30 iliyopita. Familia inamfungia mlango. Yeye haoni mlango, anaona zizi. Mkibishana naye mtamtia hofu. Mwulizeni ng'ombe hao ni wa rangi gani, mketi naye wakati anaeleza.

Nyanya yangu mimi alipelekwa zahanati moja baada ya kupotea njia ya kisima alikochota maji tangu usichana. Kwenye kitabu chake likaandikwa neno moja: uzee. Hakupimwa malaria, wala upungufu wa damu, wala hakuulizwa kama anasikia vizuri. Neno hilo limefunga milango mingi. Uzee haumpotezi mtu kwenye njia ya kisima chake.

Kwa hiyo wahamasishaji wa afya ya jamii, anayechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, huyo si wa Alzheimer kwanza; tafuteni malaria, homa, kiu ya kukaushwa na jua, dawa alizopewa. Anayefifia polepole, mpimeni damu, kaswende na VVU, mwulizeni kama ana huzuni iliyomlemea. Mchunguzeni macho. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusika na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Upofu usiotibiwa umo, na uziwi umo, na shinikizo la damu limo. Turkana yenye trakoma ina sababu ya ziada ya kuyashughulikia macho. Tiba ya kuponya Alzheimer haijapatikana. Dawa mpya za kuondoa amiloidi, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi tu, ni ghali, na zinahitaji MRI za mara kwa mara kwa usalama. Jicho na sikio linaweza kutibiwa hapa hapa Lodwar.

Tena kuna hatari nyingine: kule Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kumbukumbu zinazopotea na maneno yasiyoeleweka ni rahisi sana kugeuzwa ushahidi. Msiruhusu maneno hayo yaanze hapa.

Naomba jambo moja kabla hatujaenda kunywa chai. Mkimwona mzee aliyekuwa ramani ya ukoo mzima amesimama njia panda asijue pa kugeukia, msimcheke wala msimfunge kamba. Mshikeni mkono mumlete hospitali, na anayeijua lugha yake ya utotoni aje naye.